Barua za kanisa kwa posta ya Marekani: namna ya kuzipanga ili zifike na feza isiliwe njiani



Huku kwetu Goma, Bukavu, Uvira au Beni, barua haimfikii mtu nyumbani. Mwenye kutaka barua anakodi sanduku lake, ile B.P. tunayoijua sote, na anaenda mwenyewe kulifungua. Ndiyo maana matangazo yetu yanasomwa ibadani, yanapita kwenye redio au yanatumwa kwa simu. Huko Marekani mambo ni mengine. Mgawa barua hupita nyumba kwa nyumba siku sita kwa juma, na karatasi iliyowekwa katika sanduku la mlangoni bado inasomwa, hasa na wazee wasiozoea simu.

Ndugu zetu wengi wa Mashariki wanaishi kule sasa. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, hesabu kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote mwaka ule. Wameanzisha makanisa, na makanisa hayo yanatuma barua: habari za nyumbani, mwaliko wa ibada, ombi la msaada kwa ajili ya waliokimbia vita. Mara nyingi maandishi na picha vinatoka huku kwetu, kisha kupiga chapa na kutuma kunafanywa kule.

Hapo katikati ndipo feza inapopotea. Wakati mmoja sisi wenyewe tulisaidia kupanga kadi ya korali kwa kanisa moja la ndugu zetu. Ilikuwa ya mraba, sentimita 15 kwa 15, na picha nzuri sana. Zilipigwa chapa 400. Zilipofika kwenye dirisha la posta, karani akaipima moja na kusema kwamba kadi ya mraba haipiti kwenye mashine, kwa hiyo kila moja ilipiwe nyongeza karibu nusu ya dola. Karibu dola 200 zikaenda kwa sababu ya umbo la karatasi. Feza ile ilikuwa imetolewa kwa ajili ya familia zilizolala chini ya mahema.

Tangu siku ile tumejifunza jambo moja, nalo ndilo msingi wa makala hii: bei ya barua huamuliwa mezani, siku mnapochagua ukubwa wa karatasi. Mkifika posta mmeshachelewa. Tumekusanya hapa sheria ambazo kila anayepanga barua kama hizo anapaswa kuzijua kabla ya kuchora chochote.

Vipimo vinavyoifanya barua kuwa barua

Posta ya Marekani, inayoitwa USPS, hutumia kipimo cha inchi. Msichanganye na nchi: inchi moja ya kupimia ni milimita 25.4. Uzito hupimwa kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 28 na kidogo.

Ili kipande kilipiwe bei ya barua ya kawaida, ni lazima kiwe cha pembe nne zenye mraba na kikae ndani ya mipaka hii:

- Urefu wa kulala: usipungue inchi 5 (milimita 127), usizidi inchi 11.5 (milimita 292).
- Kimo: kisipungue inchi 3.5 (milimita 89), kisizidi inchi 6.125 (milimita 155).
- Unene: usipungue inchi 0.007 (milimita 0.18), usizidi robo ya inchi (milimita 6).

Kadi inayotumwa moja moja kwa stempu, ile tunayoita tembre, ina bei yake ndogo zaidi, lakini mipaka yake ni mifupi: isizidi inchi 4.25 kwa kimo na inchi 6 kwa urefu (milimita 108 kwa 152). Ikizidi hapo italipiwa kama barua. Tena kipande chochote kilichopita kimo cha inchi 4.25 au urefu wa inchi 6 kinapaswa kuwa na unene wa inchi 0.009 (milimita 0.23) au zaidi, la sivyo kitajikunja ndani ya mashine.

Kipande kikipita hata kipimo kimoja cha barua, kinahamia kundi la bahasha kubwa. Kwa stempu, bahasha kubwa ya aunsi moja hulipiwa zaidi ya mara mbili ya barua ya uzito uleule. Maneno ni yaleyale na karatasi ni zilezile, ila mfuko tu ndio mkubwa.

Umbo: gawanya urefu kwa kimo

Hapa ndipo kadi yetu ya korali ilipoanguka. Chukueni urefu, mgawanye kwa kimo. Jibu linapaswa kuwa kati ya 1.3 na 2.5. Mraba unatoa 1, kwa hiyo haupiti. Kipande kirefu chembamba kinachotoa 3 nacho hakipiti.

Lakini angalieni vizuri: kwa posta, urefu ni ule upande unaokwenda sambamba na mistari ya anwani. Kadi nzuri yenye vipimo halali itakataliwa na mashine kama mchoraji ameisimamisha wima na kuandika anwani kwenye upande mfupi. Kosa hili ni la kawaida kwa wanaotumia programu za kuchora, kwa sababu kwenye skrini kadi ya wima inapendeza. Kabla ya kuchora, ilazeni karatasi, na anwani iandikwe kufuata upande mrefu.

Bahasha zetu na bahasha zao

Sisi tulizoea karatasi na bahasha za vipimo vya Ulaya. Wao wana vyao. Tumepima zile za kwetu ili mjue zipi zinafaa:

- Bahasha ndefu ya DL (milimita 110 kwa 220), inayobeba A4 iliyokunjwa mara tatu: inafaa.
- Bahasha ndogo ya C6 (milimita 114 kwa 162): inafaa.
- Kadi ya A5 (milimita 148 kwa 210), ikiwa imelala: inafaa, mradi iwe ngumu kiasi tulichosema.
- Bahasha ya C5 (milimita 162 kwa 229), inayobeba A4 iliyokunjwa mara mbili: haifai. Kimo chake kinazidi mpaka wa barua kwa milimita 6 au 7 tu, na hizo milimita chache zinaifanya kuwa bahasha kubwa.

Wanaopiga chapa kule wanatumia karatasi ya milimita 216 kwa 279, fupi kidogo na pana kidogo kuliko A4. Mkituma mpango wa A4, mashine ya kule itaupunguza au itakata maandishi ya chini. Ni heri kuwauliza ndugu wa kule tangu mwanzo na kupanga maandishi juu ya karatasi ya kwao. Bahasha yao ya kawaida inaitwa namba 10, yenye inchi 4.125 kwa 9.5. Inauzwa kila mahali kwa bei ndogo, na inapita mashine bila shida. Kama hakuna sababu kubwa ya kufanya vingine, chagueni hiyo.

Vitu vinavyozuia mashine

Mashine za posta huvuta barua kwa kasi kubwa kati ya mikanda. Kitu kigumu au chenye nundu kinapasua bahasha yake na za wenzake. Kwa hiyo barua inalipiwa nyongeza ikiwa na kifungo cha chuma, kamba au kishikizo nje, ikiwa imefunikwa na plastiki, ikiwa ngumu isiyopindika, au ikiwa na kitu ndani kinachofanya unene usiwe sawa. Kalamu, sarafu, bangili ya ushanga iliyofumwa na akina mama wa hapa: zote ni nundu. Mkitaka kumpa msomaji kumbukumbu, wekeni kadi nyembamba ya kuwekea alama katika kitabu.

Nafasi ya anwani

Mashine husoma anwani kwa jicho la umeme, nalo linatafuta mahali maalumu tu. Anwani ikae mbali na kingo za kushoto na kulia kwa nusu inchi au zaidi. Mstari wake wa chini uwe juu ya ukingo wa chini kwa inchi 0.625 (milimita 16), na mstari wa juu usipite inchi 2.75 (milimita 70) kutoka chini.

Pembe ya chini upande wa kulia ni ya posta. Sehemu yenye upana wa inchi 4.75 (milimita 120) na kimo cha milimita 16 iachwe wazi kabisa, bila picha, bila rangi nzito, bila mstari wa Biblia, kwa sababu hapo mashine hupiga msimbo wa mistari. Wachoraji wengi hupenda kujaza picha hadi ukingoni. Upande wa picha wafanye hivyo. Upande wa anwani waache nafasi.

Wino uwe mweusi juu ya karatasi nyeupe au ya rangi hafifu. Karatasi yenye kung'aa sana na rangi ya kitenge nyuma ya anwani humfanya hata mgawa barua kukaza macho. Herufi ziwe kubwa na za kawaida, ukubwa wa 10 hadi 12, bila mapambo. Mfano wa mpangilio ni huu:

JINA LA FAMILIA
123 MAIN ST APT 4
SPRINGFIELD IL 62701

Mstari wa mwisho una mji, herufi mbili za jimbo, na namba ya eneo ya tarakimu tano. Namba ya chumba, inayoandikwa baada ya APT, isisahauliwe hata kidogo. Familia nyingi za kwetu zinaishi katika majengo ya kupanga yenye milango mingi, na barua isiyo na namba ya chumba hurudi au hupotea. Anwani ya mtumaji iandikwe juu upande wa kushoto.

Karatasi iliyokunjwa bila bahasha

Njia moja ya kupunguza gharama ni kukunja karatasi yenyewe na kuandika anwani nyuma yake. Bahasha hainunuliwi, wala hakuna kazi ya kujaza. Lakini njia hii ina sheria zake, zilizokazwa tangu Januari 2013. Kipande kilichokunjwa kisizidi inchi 10.5 kwa urefu, inchi 6 kwa kimo, na aunsi 3 kwa uzito. Mkunjo wa mwisho uwe chini ya anwani, au upande wa kulia. Kama mkunjo uko chini, upande wa juu ufungwe kwa vibandiko viwili, kimoja karibu na kila pembe. Pini ya chuma haifai.

Karatasi nayo isiwe ile nyepesi ya fotokopi. Kwa kipande cha hadi aunsi moja, posta inataka karatasi ya karibu gramu 105 kwa mita ya mraba, wakati karatasi tunayotumia ofisini ni ya gramu 80. Hesabuni basi: karatasi nzito na vibandiko vinaweza kula ile faida ya kutonunua bahasha. Kwa barua 200 zinazojazwa na vijana wa kanisa baada ya ibada, bahasha namba 10 mara nyingi ni rahisi zaidi.

Kuna jambo jingine juu ya karatasi isiyo na bahasha: kila mtu anaisoma. Majina ya waliokimbia, kijiji walikotoka, picha ya mjane au ya mtoto aliyeumizwa, visiwekwe hapo. Kwa watu wetu hili ni jambo la usalama. Habari kama hiyo, ikiwa ni lazima iandikwe, ikae ndani ya bahasha, na kwa idhini ya mwenyewe.

Uzito: karatasi nne, si tano

Mnamo Julai 2025, barua ya daraja la kwanza, First-Class Mail, yenye uzito wa aunsi moja ilitumwa kwa stempu ya senti 78, na kila aunsi ya nyongeza ilikuwa senti 29. Bei hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ziulizwe upya kila mara kabla ya kupiga hesabu.

Karatasi moja ya kawaida ina gramu 4.5 hadi 5, na bahasha namba 10 karibu gramu 7. Karatasi nne pamoja na bahasha zinabaki chini ya aunsi moja. Ya tano inaivuka. Kwa bei hizo, kwa familia 600, ile karatasi ya tano ingegharimu dola 174 zaidi. Mkiweka na bahasha ndogo ya kurudisha sadaka, hesabuni gramu zake pia: hapo karatasi ziwe mbili, au tatu kwa kupima vizuri. Andikeni pande zote mbili, na fupisheni. Barua ya kurasa mbili zilizopangwa vizuri husomwa kuliko ya kurasa nane.

Bei ya mashirika yasiyotafuta faida

Posta ya Marekani ina bei ya chini kwa mashirika yasiyotafuta faida, yakiwemo makanisa, katika kundi la barua za wingi linaloitwa USPS Marketing Mail. Kwa barua ndogo, bei hiyo kwa kawaida ni chini ya nusu ya stempu, na haipandi kwa uzito hadi aunsi 3.5. Ni msaada mkubwa, lakini una masharti.

Kwanza, kibali. Kanisa linajaza fomu namba 3624 na kuipeleka posta pamoja na hati zinazoonyesha kwamba limeundwa kwa kazi ya dini na halitafuti faida, kama vile katiba yake, barua ya idara ya kodi, na mifano ya matangazo yake. Kuomba kibali hiki hakulipiwi. Kinacholipiwa ni ruhusa ya kutuma kwa wingi, yenye ada ya kila mwaka, na ada nyingine ya mwanzo kwa anayetaka kupiga chapa alama ya kibali badala ya kubandika stempu. Ada hizo zinahesabika kwa mamia ya dola.

Pili, idadi. Kila mara zitumwe barua 200 au zaidi, au zenye uzito wa ratili 50 kwa jumla. Kwa anayetumia alama ya kibali, barua zote ziwe na uzito uleule kwa kawaida. Zinapangwa kwa namba za maeneo, zinawekwa katika visanduku, na zinapelekwa kwenye ofisi inayopokea barua za wingi. Hazitumbukizwi kwenye sanduku la barabarani.

Tatu, yaliyomo. Barua ya mtu binafsi haiingii hapa. Taarifa ya sadaka alizotoa mshirika kwa mwaka mzima, ambayo anaitaka kwa kodi yake, ipelekwe kwa daraja la kwanza. Vilevile matangazo ya biashara ya watu wengine, hasa ya bima, ya safari na ya kadi za mkopo, yanaweza kuiondolea barua nzima bei hiyo.

Nne, na hili tunalisema kwa uzito: kibali hakiazimwi. Jina na anwani ya kanisa lenye kibali vinapaswa kuonekana kwenye barua, na barua iwe ya kanisa hilo kweli. Tunajua namna tunavyosaidiana. Ndugu mmoja ana duka, mwingine ana chama cha watu wa kijiji, nao wanaomba barua zao zipite kwa namba ya kanisa. Wasikubaliwe. Posta ikigundua, inaweza kudai tofauti ya bei kwa barua zote, na kanisa likapoteza ruhusa yake. Sisi wa huku tusiwaombe ndugu zetu jambo litakalowaletea aibu mbele ya serikali ya nchi iliyowapokea.

Hesabu ya mwaka mzima

Je, kibali kina faida kwa kila kanisa? Hapana. Tuchukue kanisa lenye familia 600 kwenye orodha. Barua moja kwa mwaka, kwa stempu ya senti 78, ni dola 468. Bei ya chini ingeokoa zaidi ya nusu, yaani dola 234 au zaidi, lakini ada ya mwaka inaweza kuimeza akiba yote. Kanisa hilo linunue stempu na kuendelea na kazi.

Lakini likituma mara nne kwa mwaka, stempu zingekuwa dola 1,872, na akiba ingepita dola 936. Hapo ada inalipika, na kinachobaki kinakwenda kwa kazi iliyokusudiwa. Kanisa dogo linaweza pia kutumia kampuni ya kutuma barua yenye namba yake, ili lisilipe ada ya alama; hata hivyo kibali cha bei ya chini lazima liwe nacho lenyewe.

Orodha ya majina ni nusu ya gharama

Familia za kwetu kule huhama sana: leo jimbo hili, mwakani jimbo lingine penye kazi au penye jamaa. Posta inalijua hilo. Barua ya daraja la kwanza ikimkosa mtu, humfuata kwenye anwani mpya aliyoiandikisha, au humrudia mtumaji, bila malipo mengine. Barua ya wingi ya bei ya chini haifanyiwi hivyo. Isipomkuta mtu inatupwa, na kanisa halijui. Mtafikiri ndugu amenyamaza, kumbe hakuwahi kupata barua hata moja.

Kuna dawa tatu. Mnaweza kupiga chapa chini ya anwani ya mtumaji maneno "Return Service Requested", nayo barua itarudi na anwani mpya, ila kila inayorudi inalipiwa. Mnaweza kutuma barua moja kwa mwaka kwa daraja la kwanza, ili kusafisha orodha. Na kwa vyovyote vile, kwa bei za wingi posta inadai anwani zilinganishwe na orodha yake ya waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma.

Dawa ya nne ni ya kwetu: mzee wa kila kundi aulize. Katika mkutano wa akina mama au wa vijana, swali moja la "nani amehama?" linaokoa feza nyingi kuliko programu ya kompyuta. Tena, barua moja kwa kila nyumba inatosha. Baba, mama na watoto watatu wakubwa hawahitaji bahasha tano.

Kutuma kwa kila nyumba ya mtaa

Kanisa likitaka kualika mtaa mzima, kwa mfano kwa ibada ya Krismasi, halihitaji majina. USPS ina mpango unaoitwa Every Door Direct Mail. Mnachagua njia ya mgawa barua fulani, naye anatia kipande kimoja katika kila sanduku la njia hiyo. Kwa kupitia dirisha la posta ya mtaa, hakihitajiki kibali. Idadi ni 200 hadi 5,000 kwa siku kwa kila namba ya eneo, na kila kipande kisizidi aunsi 3.3. Hapa sheria inageuka: kipande kinapaswa kuwa kikubwa kuliko barua, yaani kizidi inchi 10.5 kwa urefu, au inchi 6.125 kwa kimo, au robo ya inchi kwa unene. Kadi ndogo hazikubaliwi. Zinafungwa katika mafungu ya 50 hadi 100 na karatasi ya maelezo juu yake.

Wako vijana wanaouliza: kwa nini tusizipeleke wenyewe kwa miguu na kuzitia kwenye masanduku? Ni kwa sababu sheria ya Marekani inakataza kutia tangazo lisilolipiwa posta katika sanduku la barua la mtu. Kijana apige hodi, amkabidhi mwenye nyumba mkononi.

Bahasha ya kurudisha

Barua inayoomba sadaka huwa na bahasha ndogo ndani. Ziko za namna mbili. Katika ya kwanza, kanisa ndilo linalolipa kila inayorudi, pamoja na ada ya kibali. Katika ya pili, anwani ya kanisa imeshapigwa chapa, na mtoaji anabandika stempu yake. Kwa kanisa dogo tunashauri ya pili. Anayetaka kutoa dola 20 hatashindwa na stempu.

Utaratibu tunaoufuata sasa

Baada ya ile kadi ya mraba, tunafanya kazi kwa mpango huu:

1. Tunauliza kwanza ndugu wa kule: ni nyumba ngapi, kwa bei ipi, na kwa bahasha gani.
2. Tunachora sanduku la anwani na nafasi ya msimbo kabla ya picha na maneno.
3. Tunatengeneza mfano mmoja kwa karatasi ileile itakayotumika, tunaujaza, tunaupima kwa rula na kwa mizani.
4. Ndugu wa kule anaupeleka posta kabla ya kupiga chapa. USPS ina wataalamu wa kukagua mipango ya barua, nao hawatozi malipo kwa kazi hiyo.
5. Ndipo tunapiga chapa, tukiongeza chache tu kwa ajili ya zitakazoharibika.
6. Tunatuma mapema. Barua za bei ya chini hutembea polepole kuliko za daraja la kwanza, na karibu na Krismasi posta hujaa. Mwaliko unaofika baada ya sikukuu ni hasara kamili.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu watu wana haraka. Dakika kumi kwenye dirisha la posta zingeziokoa zile dola 200.

Yule mjenzi wa mnara katika Injili aliketi kwanza akahesabu gharama. Ndugu zetu wanaotoa kule wengi wao wanafanya kazi za usiku, katika viwanda vya nyama na katika maghala, na dola wanayotuma imetoka jasho. Kuipima karatasi kwa rula kabla ya kuichora ni njia mojawapo ya kuiheshimu dola hiyo, na ya kuwaheshimu wanaoingojea huku chini ya mahema.